Daftari la Nafasi

Mimi ninagawa watu. Ndiyo kazi yangu.
Daftari la jalada la kijani, kalamu mbili,
chumba kimoja Katindo juu ya duka la saruji:
huyu hospitali, huyu maktaba, huyu kwa wasioona,
kama anayekata bugali akijua sufuria haitoshi.

Mwaka huu wamekuja watano.
Fomu zao zilitangulia, zimejazwa vizuri,
kila kisanduku na alama yake ya vema.
*Unaweza kufanya nini?*
Mmoja kaandika: kusikiliza.

Nilicheka peke yangu.
Goma nzima inajua kusikiliza:
mlima ukikoroma,
pikipiki ikizima ghafla nje ya lango.

Lakini chini kidogo aliongeza:
*baba yangu huchonga makasia.*
Basi nikaandika: mbao. Nikampeleka Ndosho,
kwa Kakule Vagheni, fundi wa chukudu.
Kakule akanitazama, kisha akamtazama yeye.
«Nina wanafunzi wanne na tezo mbili.
Huyu umemleta ashike nini?»

Akamshikisha ufagio.

Wiki nzima Aino wa Ufini alifagia
vumbi la mkaratusi juu ya mawe meusi,
na mawe yale hayafagiliki, yana matundu,
yanakula vumbi na kulirudisha jioni.
Majirani walipita mara tatu kuhakikisha.
Mradi gani huu? Gari lake liko wapi?
Wanaandikisha lini?

Hana gari.
Hana mradi.
Ana ufagio.

Watoto hawakuweza kuliacha jina lake.
Aino, Aina. Aina gani leo?
«Aina ya kufagia,» akajibu, siku alipokielewa Kiswahili
kiasi cha kuchokozwa nacho.
Baadaye: aina ya kushika ubao.
Baadaye: aina ya malengelenge,
akikaa kwenye gogo viganja vikiwa wazi,
Masika akimpaka mawese ya uvuguvugu bila kumwuliza,
mkono mwingine ukikoroga sombe.

Siku ya kisu sikuwapo. Nilisimuliwa na watu wanne,
kila mmoja kwa namna yake.
Kwao, kumbe, makali huvutwa kuelekea kifuani.
Kwa Kakule, makali huenda mbele, mbali na mwenye roho yake.
Wakabishana hadi saa tisa bila lugha:
mikono, vichwa, ubao mmoja uliokatika bure.
Kesho yake Kakule alionekana nyuma ya karakana,
peke yake, anavuta kisu kuelekea kifuani,
polepole, kama anayefungua barua ya mtu mwingine.

Ofisi kuu imenitaka niandike ripoti.
*Eleza utamaduni uliobadilishwa. Toa idadi.*
Nimeandika: kisu kimoja.
Nimefuta. Nimeandika tena.

Chukudu ile ilijaribiwa mteremko wa Kibumba,
magunia sita ya kabichi na mtu juu yake.
Haikupasuka. Gurudumu la nyuma lililia kidogo tu,
nalo lilichongwa na Muhindo, mwanafunzi wa tatu,
ambaye katika picha zote za siku ile
anaonekana bega na sikio.
Kakule akaandika ubavuni kwa makaa: AINA GANI.

Aino aliondoka Alhamisi. Hakulia, sisi pia hatukulia;
alisahau raba zake, Masika anazivaa shambani.

Ijumaa Muhindo akapanda ngazi zangu,
vumbi la mbao bado kwenye nyusi.
«Mama, hilo daftari lina upande wa kwenda?»

Nikalitazama. Miaka tisa nimelijaza
kutoka mbele, majina ya wanaokuja.
Sikuwa na jibu la kumpa, wala anwani,
wala mtu wa kule aliyekaa juu ya duka la saruji
akisubiri fomu ya kijana wa Ndosho.
Nikaligeuza. Nikaanza kutoka nyuma,
ukurasa mweupe, mistari imepinduka.

Jina: Muhindo Saanane.
Nchi ya kupokea: nikaacha nafasi.

«Unaweza kufanya nini?» nikamwuliza, kalamu juu.

Akafikiri. Akatazama sakafu yangu.

«Kufagia,» akasema. «Kwa kuanzia.»